Kilo ya Maharage Ni Vikombe Vingapi?

Waulize watu watatu swali hili, utapata majibu matatu. Mmoja atasema vitano, mwingine kumi na tatu, wa tatu atasema vinakaribia sita. Usiwacheke, maana wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Kilo moja ya maharage makavu hujaza vikombe vitano na ushee. Kilo hiyohiyo ikishaiva hujaza vikombe kama kumi na tatu. Na ukichukua maharage yaliyokwisha kuiva, ukayachuja, ukapima kilo moja juu ya mizani, utajaza vikombe vitano na nusu, pengine na kidogo zaidi.

Hesabu yenyewe haina ugumu, ni kuzidisha na kugawanya tu. Tabu inaanza pale mapishi yanapoandika "vikombe viwili vya maharage" bila kusema ni makavu au yaliyopikwa, yamechujwa au yana mchuzi wake. Mpishi wa nyumbani atakisia, na mara nyingi atapatia kwa mazoea. Anayepikia watu mia kwenye shughuli, au mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa ale nusu kikombe, hana nafasi ya kukisia namna hiyo.

Kwanza tukubaliane juu ya kikombe. Kikombe cha vitabu vya mapishi vya Marekani kina mililita 237, na wengi hukizungushia kuwa 240. Australia wanatumia cha mililita 250. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa cha 200 au cha 300, na kile kikubwa cha plastiki chenye mkono kinakaribia nusu lita. Kwa hiyo kabla ya kuamini namba yoyote, pima chako: kiweke juu ya mizani ya jikoni kikiwa kitupu, kijaze maji hadi ukingoni, soma gramu zilizoongezeka. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo kikiingia gramu 280 za maji, kikombe chako ni cha mililita 280. Katika makala haya, kila ninaposema kikombe ninamaanisha cha mililita 240, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu bila kuacha kilima juu.

Sasa, jambo ambalo huwashangaza wengi. Kikombe cha maharage mekundu makavu kina uzito wa gramu 184 hivi. Kikombe cha maharage hayohayo yaliyoiva na kuchujwa kina gramu 177. Namba hizo ni za jedwali za Wizara ya Kilimo ya Marekani, na ukijaribu nyumbani utazikaribia. Yaani vikombe viwili vyenye vitu tofauti kabisa, kimoja kinagongana kama kokoto na kingine laini, vinatofautiana kwa gramu saba tu. Ni sadfa, na ni sadfa inayopotosha, kwa sababu inamfanya mtu adhani kikombe kimoja kinaweza kuchukua nafasi ya kingine. Ndani ya kikombe cha makavu mna chakula kikavu gramu 160 na maji kidogo sana. Ndani ya kikombe cha yaliyoiva mna chakula kikavu kisichofika gramu 60. Kilichobaki ni maji yaliyonywewa na punje.

Sadfa hiyo ina sababu zake mbili zinazovutana. Punje kavu ni nzito kuliko maji, na ukiitupa ndani ya glasi inazama moja kwa moja. Ikishanywa maji inavimba, na uzito wake kwa kila mililita unashuka kuelekea ule wa maji. Hilo peke yake lingefanya kikombe cha yaliyoiva kiwe chepesi zaidi. Lakini punje iliyoiva ni laini, inalegea na kuingiana na jirani yake, kwa hiyo zinabanana vizuri kidogo kuliko zile kavu. Kimoja kinapunguza, kingine kinarudisha, na mwisho vikombe vinakaribia kulingana.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima: nafasi iliyo kati ya punje. Chukua kikombe kilichojaa maharage yaliyoiva na kuchujwa vizuri. Chukua chombo kingine chenye maji uliyoyapima. Mimina maji polepole kwenye kikombe cha maharage hadi yafike ukingoni bila kumwagika. Yataingia mililita kama 80. Kikombe ulichodhani kimejaa kilikuwa na theluthi moja ya hewa.

Hakuna namna ya kuiondoa hewa hiyo kwa kutikisa. Vitu vya mviringo kamili vikimiminwa ovyo ndani ya chombo hujaza takriban asilimia 64 ya nafasi, hata utikise vipi. Vilivyo bapa au virefu kidogo hupangana vizuri zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walilionyesha hilo kwa kutumia peremende za M&M, ambazo zilifika asilimia 68 hivi. Umbo la punje, basi, linabadilisha uzito wa kikombe hata kabla hujafikiria aina. Ukubwa nao una neno lake: punje kubwa ndani ya kikombe kidogo huacha mapengo mengi kandokando ya kuta, kwa sababu haziwezi kuufuata ukuta vizuri. Pima maharage makubwa kwa kikombe kidogo, kisha uyapime kwa jagi la lita mbili, na uzito kwa kila lita hautalingana sawasawa.

Sasa weka mchuzi. Maharage yaliyochujwa, kikombe kimoja, gramu 175 hivi. Maharage pamoja na mchuzi wake unaofika usawa wa punje, kikombe kilekile, gramu 255. Mchuzi haukuongeza ujazo hata kidogo. Umeingia tu kwenye zile nafasi zilizokuwa na hewa. Hapa ndipo mizani na kikombe vinapoachana. Kwa macho na kwa kikombe, maharage ni yaleyale. Kwa mizani yameongezeka karibu nusu ya uzito wake.

Litazame hili kwenye sufuria nzima. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva na kuchujwa inatoa kilo 2.4 hivi, na inajaza lita 3.2. Ukirudisha mchuzi hadi uguse usawa wa juu wa maharage, sufuria bado itasoma lita 3.2, lakini uzito utakuwa umepanda hadi karibu kilo tatu na nusu. Kwa hiyo anayegawa kwa kikombe au kwa upawa hadhuriki sana na mchuzi, ilimradi haujazidi usawa wa maharage. Anayegawa kwa mizani bila kuchuja anaweza kudhani ametoa gramu 250 za maharage, kumbe karibu gramu 80 kati yake ni mchuzi.

Mambo yanageuka mchuzi ukiwa mwingi na maharage yanaelea. Hapo ni kikombe ndicho kinachodanganya, na kinadanganya kwa kiasi kisichotabirika, kwa kuwa kila upawa unachota kivyake. Aliyechotewa juu ya sufuria amepata maji yenye rangi, aliyechotewa chini amepata chakula. Kila aliyesoma shule ya bweni analijua hili bila kufundishwa fizikia.

Turudi kwenye ile 2.4, maana ndiyo namba utakayoitumia zaidi. Inatoka wapi? Gramu 100 za maharage makavu zina maji takriban gramu 12 na chakula kikavu gramu 88. Maharage yaliyoiva yana maji asilimia 67 hivi, yaani theluthi moja tu ndiyo chakula kikavu. Kama chakula kikavu chote kingebaki ndani ya punje, gramu 88 zingekuwa theluthi ya gramu 267 hivi. Lakini hakibaki chote. Sukari, madini na wanga kidogo huingia kwenye maji ya kupikia, na ndiyo maana mchuzi wa maharage una rangi, ladha na unene. Ukiondoa hicho kilichoponyoka unarudi kwenye gramu 240 au 245. Jikoni utakuta kati ya 220 na 260, kutegemea jinsi ulivyoyaivisha na umri wa maharage yenyewe.

Umri unastahili kusemwa zaidi kidogo, kwa sababu watu humlaumu mpishi au moto. Maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu hubadilika ndani. Hayalainiki hata uchemshe mchana kutwa, na maji nayo yanaingia kwa shida, kwa hiyo kilo yake haijai sufuria kama ulivyozoea. Ukipata kilo 2 tu kutoka kilo moja ya makavu, au chini yake, angalia ulikoyanunua kabla ya kuangalia upishi wako. Magadi huyalainisha haraka, lakini ngozi hupasuka na punje huanza kupondeka, na kikombe cha maharage yaliyopondeka ni kizito kuliko cha mazima. Mwinuko, kwa upande mwingine, hauna athari kubwa kwenye namba ya mwisho. Mbeya au Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo utachelewa na kuni zitaisha, lakini punje ikishaiva imeiva, na uzito wake ni uleule.

Hadi hapa nimesema maharage tu. Jamii ya kunde ni pana, na kila mmoja ana tabia yake. Kunde ziko karibu na maharage: kikombe cha zilizoiva na kuchujwa ni gramu 171. Mbaazi kavu zilizopikwa ni 168. Dengu, zile kubwa za mviringo zenye kijincha, ni 164, nyepesi kuliko wenzake wote hapa, kwa sababu hata zikiiva hubaki imara, hazilegei wala hazibanani, hewa inabaki nyingi. Upande wa pili wako choroko na adesi. Choroko zilizoiva hupasuka na kushikamana, kikombe chake ni gramu 202. Adesi ni 198. Tofauti kati ya dengu na choroko kwa kikombe hichohicho ni karibu gramu 40, na hiyo si ya kupuuza ukiwa unazidisha kwa vikombe hamsini.

Maji wanayokunywa pia hayalingani. Dengu ni bahili: kilo moja kavu inatoa kilo 2.2 hivi. Maharage, kunde na mbaazi ni 2.4 au zaidi kidogo. Choroko na adesi hufika kirahisi kilo 2.8 au 3, na zaidi ukiziacha ziwe rojo. Ndiyo maana mama anayepika choroko kwa mara ya kwanza akitumia kipimo alichozoea kwa maharage hujikuta na chakula cha kulisha mtaa.

Majina nayo yanahitaji tahadhari. Tanzania ukisema dengu, wengi wataelewa zile za mviringo. Nairobi ukisema ndengu utaletewa choroko. Adesi huitwa kamande kwa Wakenya wengi. Ukichukua mapishi ya nchi jirani, angalia picha au maelezo ya muda wa kupika kabla ya kuchukua namba zake, kwa sababu kukosea kati ya dengu na choroko ni kukosea kwa karibu theluthi nzima.

Mbaazi na njegere zina mtego mwingine. Mbaazi za nazi, zile zinazoliwa na mahamri asubuhi pwani, hupikwa kwa mbaazi kavu na pia kwa mbaazi mbichi zilizotolewa kwenye ganda zikiwa kijani. Mbichi hizo tayari zina maji karibu theluthi mbili ya uzito wake. Ukizipika zinaongezeka kidogo sana, kwa hiyo kilo inabaki karibu kilo. Mtu akisoma "nusu kilo ya mbaazi" kwenye mapishi ya mbichi, akaweka nusu kilo ya kavu, atapika zaidi ya mara mbili ya alichokusudia. Njegere mbichi ni hivyohivyo: kikombe kibichi ni gramu 145, kilichochemshwa ni 160, na tofauti hiyo inatokana zaidi na kulegea na kubanana kuliko maji mapya. Maharage mabichi ya kubangua nayo yahesabu upande huu.

Halafu kuna hali ya katikati ambayo vitabu vingi huisahau, ya vitu vilivyolowekwa lakini havijapikwa. Bajia za kunde hutengenezwa hivyo, kwa kunde zilizolala kwenye maji, zikamenywa ngozi, zikasagwa mbichi. Kunde au maharage yaliyolowekwa usiku kucha huwa na uzito wa karibu mara mbili ya ule wa kavu, si mara mbili na nusu. Ukitumia kipimo cha zilizopikwa, au mbaya zaidi ukisaga zilizochemshwa, unga wa bajia utakuwa maji na utasambaratika kwenye mafuta.

Na zilizopondwa. Ukiponda maharage kwa ajili ya mukimo au kwa mtoto anayeanza kula, hewa yote inatoka. Kikombe cha yaliyopondwa kina gramu 240 hadi 250, kutegemea ulivyoongeza maji. Kwa hiyo vikombe vitatu vya maharage mazima huwa vikombe viwili na kidogo yakishapondwa. Hakuna aliyeiba.

Sokoni kuna vipimo vyake. Sado, lile kopo la rangi la lita nne, likisawazishwa linachukua maharage makavu kilo tatu na kidogo. Lakini nani anayesawazisha sado sokoni? Kuna kilima, na kilima kina ukarimu wa muuzaji ndani yake. Upande wa pili kuna kopo lililobonyezwa kitako, na hilo lina ujanja wake. Gorogoro la Kenya huchukuliwa kuwa la kilo mbili, na ni karibu kweli kwa maharage, ila choroko ni nzito kidogo zaidi kwa ujazo uleule na kunde ni nyepesi. Wakala wa Vipimo Tanzania wamekuwa wakipambana na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, kwa miaka mingi, na hoja yao ni hii hii: ujazo bila mizani unampa mmoja kati ya wawili nafasi ya kunyoosha mkono.

Si kwamba kupima kwa ujazo ni ushamba. Waislamu hutoa zaka ya fitri kwa pishi moja ya chakula, na pishi ni vibaba vinne, kipimo cha ujazo tangu asili. Watu walipoanza kununua kwa kilo ilibidi pishi igeuzwe kuwa uzito, na ndipo unaposikia wengine wakisema kilo mbili na nusu, wengine kilo tatu. Sababu mojawapo ni ileile tuliyoiona kwenye kikombe: pishi ya mchele na pishi ya tende haziwezi kulingana kwenye mizani. Anayezidisha kidogo anajitoa kwenye shaka.

Walio Ulaya na Marekani hukutana na suala hili kupitia kopo la dukani. Kopo la kawaida la Uingereza limeandikwa gramu 400, na pembeni kwa maandishi madogo limeandikwa gramu 240 baada ya kuchuja. Zile 160 ni maji yake. Gramu 240 ni kikombe kimoja na theluthi, na ukigawanya kwa 2.4 unapata gramu 100 za makavu. Yaani kilo moja ya maharage makavu ni sawa na makopo kumi. Namba hii ni rahisi kukumbuka, na inafaa kuwa nayo kichwani unapolinganisha bei. Kopo la Marekani la gramu 425 linatoa kikombe kimoja na nusu likichujwa. Mapishi yao yakisema "kopo moja", weka gramu 100 hadi 110 za makavu kwenye maji usiku, na kesho ukishayapika utakuwa na kiasi hicho.

Kurudi nyuma kutoka kikombe kwenda kwenye makavu kunafuata njia hiyohiyo. Mapishi yanataka vikombe vitatu vya dengu zilizopikwa. Vitatu mara 164 ni gramu 492. Gawanya kwa 2.2, upate gramu 224. Loweka robo kilo, na punje zitakazobaki mtoto atazila zikiwa bado zina moto. Ukiwa unapikia watu mia kwenye hitima au harusi, na kila mmoja apate kikombe kimoja chenye maharage hadi juu pamoja na mchuzi wake, kilo moja inatoa vikombe kumi na tatu, kwa hiyo unahitaji kilo saba na nusu hadi nane. Ukiwa na pilau na nyama pembeni, nusu kikombe kwa mtu inatosha sana na kilo nne zitakutoa.

Kwenye afya ndiko makosa yanaumiza. Jedwali za vyakula, za Tanzania za mwaka 2008 na za Kenya za mwaka 2018 zikiwemo, hutoa virutubisho kwa kila gramu 100, na zinatenganisha kibichi na kilichopikwa. Mtu anafungua simu, anaona maharage yana protini gramu 23 kwa gramu 100, anapima gramu 100 kutoka kwenye sufuria, anajihesabia 23. Ile ni namba ya makavu. Yaliyoiva yana karibu 9. Amejidanganya zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa nishati ni hivyohivyo: kalori zaidi ya 330 kwa gramu 100 za makavu, 127 hivi kwa yaliyoiva. Vijana wanaoinua vyuma hukosea upande mmoja na kudhani wameshiba protini. Wanaopunguza uzito hukosea upande wa pili na kujinyima chakula walichoruhusiwa.

Kwa mwenye kisukari, nusu kikombe cha maharage yaliyochujwa ni gramu 90 hivi, na ina wanga gramu 20 ukijumlisha na nyuzinyuzi zisizosagika. Akipima gramu 90 hizo pamoja na mchuzi atapata pungufu. Akijaza nusu kikombe kwa maharage yaliyopondwa atapata zaidi kwa karibu theluthi. Muulize anayekushauri kama anamaanisha yaliyochujwa. Swali dogo hilo lina maana kuliko kununua mizani ya bei.

Na wakati wa kupima una maana yake. Pima yakiwa chukuchuku, kabla ya kuunga. Ukishatia kitunguu, nyanya, karoti na tui la nazi, kikombe hakisomi tena maharage, kinasoma chakula kizima. Kiporo ni shida nyingine: yakilala, punje zinaendelea kunywa mchuzi na wanga unaganda, asubuhi sufuria ina mchuzi mchache na maharage mazito kuliko ya jana usiku. Hakuna kilichoongezeka. Ukiyapasha tena moto, maji mengine yanatoka na mvuke. Kipimo cha jana hakitumiki kwa maharage ya leo.

Yapo mapishi ambayo hayakubali kugeuzwa kwa namba yoyote niliyoitaja. Makande, kwa mfano, au githeri: mahindi na maharage vimechanganyika, na hakuna atakayekaa kuchambua punje. Hapo acha kabisa vikombe, utumie sufuria yenyewe. Ipime ikiwa tupu na uandike uzito wake ubavuni kwa kalamu isiyofutika, au kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Pima maharage makavu kabla ya kuyatia majini, na mahindi vivyo hivyo. Chakula kikishaiva na kuungwa, pima sufuria nzima, utoe uzito wake. Tuseme uliweka maharage nusu kilo na chakula chote kimetoka kilo tano. Kila gramu 500 unazopakua zina sehemu moja ya kumi ya kila ulichoweka, yaani maharage makavu gramu 50, na hizo ni protini gramu 11 au 12 kutoka kwenye maharage peke yake, bila kuhesabu mahindi. Hujauliza kikombe ni cha ukubwa gani, hujachuja chochote, na mchuzi ukiwa mwingi au mchache hesabu inabaki palepale, ilimradi ukoroge vizuri kabla ya kupakua na upime sufuria siku hiyohiyo.